Mama Yake Yuko Wapi?

Kijana wa dukani alimtoa yule mtoto wa mbwa kizimbani kwa mkono mmoja, akampitisha juu ya kaunta na kumweka kifuani kwa mtoto wa mteja wangu. Hapo biashara ilikuwa imekwisha. Mvulana wa miaka tisa akishakumbatia kitu chenye joto na moyo unaodunda, daktari aseme nini asikike? Mama yake alinigeukia na kuniuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua: "Dokta, si yuko salama huyu?"

Alikuwa amenipigia siku mbili kabla. Wamehamia nyumba yao mpya Goba, ukuta haujaisha, wanataka mbwa wa ulinzi, na kwenye duka moja la wanyama hapa Dar es Salaam ameona German Shepherd kwa laki tatu na nusu. Alitaka nimsindikize, kama mtu anavyokwenda na fundi kukagua gari analotaka kununua. Wazo zuri. Ila gari unafungua boneti na injini unaiona. Kwa mtoto wa mbwa wa dukani, kinachohitaji kukaguliwa kuliko vyote hakipo dukani.

Nianze na kilichokuwepo. Duka lilikuwa safi, na nalisema hilo mapema kwa sababu watu wengi wanadhani ubaya wa maduka haya ni uchafu. Vigae vimedekiwa, feni inazunguka, kuna harufu ya dawa kama ya wodini. Vizimba sita vya waya vimepangwa, vitatu chini na vitatu juu, ndani vimetandikwa magazeti. Nilihesabu watoto wa mbwa kumi na mmoja, na kwa sura na ukubwa wao walitoka kwa mama wasiopungua wanne. Mmoja alikuwa amelala peke yake kwenye kona, uso ukutani. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo, kumi na mmoja kwa mama wanne. Nitairudia.

"Ana miezi miwili kamili," kijana alituambia.

Nilimchukua nikamfungua kinywa. Mbwa huzaliwa kibogoyo. Meno ya utoto huanza kuchomoza kama wiki ya 3, na akifika wiki ya 8 hivi yote 28 huwa yametoka. Huyu chonge zilikuwepo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanachungulia, na huko nyuma ulikuwa ufizi mtupu. Macho bado yalikuwa na ule ubuluu wa utoto. Wiki tano, tena kwa kumpendelea. Nikabonyeza ufizi kwa kidole. Kwa mbwa mzima ukibonyeza panakuwa peupe, ukiachia wekundu unarudi kabla sekunde 2 hazijaisha. Huyu ufizi ulikuwa umepauka hata kabla sijaugusa. Tumbo lake lilikuwa limewambwa kama ngoma.

"Ameshiba huyo, bosi," kijana akasema. "Hapa wanakula vizuri sana."

Hakuwa ameshiba. Ile ilikuwa minyoo, na hadithi ya minyoo hiyo inastahili kusimuliwa kwa sababu haianzii dukani. Minyoo mviringo ya mbwa, ambayo kitaalamu huitwa Toxocara canis, hujificha ikiwa viluwiluwi kwenye misuli ya mbwa jike, imetulia miezi na miezi. Akishika mimba, katika wiki za mwisho viluwiluwi huamka, hupita kwenye kondo na kuwaingia watoto wakiwa bado tumboni. Mtoto anazaliwa nayo. Minyoo mingine, ile inayong'ata utumbo na kunyonya damu, humfikia kupitia maziwa. Kwa hiyo dawa ya minyoo hutakiwa kuanza mtoto akiwa na wiki 2 tu, irudiwe kila wiki mbili, na mama anyweshwe pamoja naye. Ukiona tumbo la ngoma na fizi nyeupe dukani, unasoma barua kuhusu mama: hakuna aliyemtazama. Na mayai ya minyoo hiyo mviringo yakidondoka uani na kukomaa kwenye udongo, mtoto wa binadamu anayetia vidole mdomoni anaweza kuyameza. Kiluwiluwi kikipotea njia mwilini mwake kinaweza kuishia kwenye jicho.

"Na chanjo?" nikauliza.

Akatoa kadi. Ilikuwa na muhuri, stika mbili na saini. Kwa tarehe iliyoandikwa na umri nilioukadiria, mbwa huyu alichanjwa akiwa na wiki mbili, macho ndiyo kwanza yanafunguka. Alichanjwa mpaka kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida tunaitoa mbwa akitimiza miezi 3. Namba ya usajili ya daktari haikuwepo. Sikumgombeza kijana. Yeye hupokea mbwa na kadi kwa pamoja, kama anavyopokea chakula cha ndege na risiti yake. Lakini kadi ya namna hiyo ni hatari kuliko kukosa kadi. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na dalili zikishamtokea mtu, kwa kawaida ni kifo. Familia yenye kadi ya uongo ukutani inaamini imeshajikinga. Mtoto akiparuzwa wanapaka spiriti, wanalala.

Sasa turudi kwenye hesabu yangu ya kumi na mmoja kwa mama wanne.

Mtoto wa mbwa hazaliwi na kinga ya kutosha. Sehemu kubwa huipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ndani ya siku moja ya kwanza ya maisha yake. Baada ya hapo utumbo hauzipitishi tena kingamwili za mama. Alichokipata ni akiba isiyoongezwa: kila siku inapungua, na mahali fulani kati ya wiki ya 6 na ya 16 inakwisha. Inapoelekea kwisha hupita kwenye kiwango kibaya cha katikati. Kingamwili ni chache mno kumzuilia virusi, lakini bado ni nyingi za kutosha kuiangusha chanjo kabla haijafanya kazi. Katika siku hizo mbwa anaweza kuchomwa sindano halali, na daktari halali, ya chanjo iliyokaa kwenye baridi inavyotakiwa, na bado akabaki mtupu. Ndiyo maana tunarudia kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Tunavizia siku ambayo akiba ya mama imeisha na chanjo ina nafasi. Wateja wengi hudhani tunarudia ili tule hela.

Kwa mtoto aliye nyumbani na mama yake na nduguze, siku hizo mbaya zinaweza kupita bila mtu kujua. Wamezoea vijidudu vya uani kwao, na hakuna mgeni. Duka hufanya kinyume kabisa. Hukusanya watoto wa nyumba nne tofauti, kila mmoja na vijidudu vya kwao, katika umri uleule ambao kinga inayumba, huwaweka wanusane pua kwa pua, wa juu wakijisaidia wa chini wakidondokewa. Halafu hudeki kwa dawa ya kunukia. Virusi vya parvo, ambavyo vilitambuliwa mwaka 1978 na kuenea duniani kwa muda mfupi, havijali harufu. Dawa nyingi za kudekia haziviwezi. Jiki iliyochanganywa vizuri ndiyo huviua, tena pakishasafishwa kinyesi kwanza. Kwenye udongo wenye kivuli vinaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka.

Ikishaingia, parvo hujificha siku 3 hadi 7 kabla ya dalili. Hesabu hiyo ndiyo inayonitafutia wateja. Mtu ananunua Jumamosi mbwa anayerukaruka. Jumatano hali. Alhamisi saa tano usiku simu inaita: anatapika, anaharisha damu, harufu imejaa nyumba nzima. Asiyetibiwa kwa kawaida hafiki mbali, na anayetibiwa hulala kwenye dripu siku kadhaa kwa gharama inayoweza kupita bei aliyonunuliwa. Muuzaji akipigiwa simu anajibu kwamba alimkabidhi mzima. Mara nyingi anaamini anachosema, maana kwa macho alikuwa mzima kweli.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya kwetu, ya maduka ya vichochoroni. Si hivyo. Nchini Marekani kati ya mwaka 2016 na mwanzoni mwa 2018, mamlaka za afya zilifuatilia watu 118 katika majimbo 18 walioharishwa na bakteria aina ya Campylobacter, wengi wao wakiwa wamegusana na watoto wa mbwa wa madukani. Maduka yale yana viyoyozi na leseni. Walipochunguza kumbukumbu za watoto wa mbwa 149, waligundua kwamba 142 walikuwa wamepewa antibiotiki kabla ya kuuzwa, na bakteria waliowaumiza watu walikuwa sugu kwa dawa nyingi tunazozitegemea. Antibiotiki ilikuwa imegeuzwa chakula, ya kuwashikilia mbwa wasimame mpaka mnunuzi afike. Kwa hiyo sina ugomvi na ufagio wa duka. Ugomvi wangu ni na mpango wenyewe: kuchanganya watoto wachanga wa mama tofauti na kuwauza wakiwa katika umri huo.

Na kwa nini umri huo? Kwa nini wasingojwe wiki nyingine nne?

Mwaka 2018 Clive Wynne, mtaalamu wa tabia za mbwa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, pamoja na wenzake walichapisha utafiti mdogo unaoeleza mengi. Waliwaonyesha wanafunzi picha za mbwa wa aina tatu, kila mmoja katika umri tofauti, wakawauliza ni yupi anayevutia. Kwa aina zote tatu mvuto ulifika kileleni kati ya wiki ya 6 na ya 8 na siku chache, kisha ukashuka. Wynne anaona haikutokea hivi hivi: ndio umri ambao mbwa jike huanza kuwakimbia wanawe kwa sababu meno yao yanamuumiza, na mtoto anahitaji mlezi mwingine haraka. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam hawakuhitaji utafiti huo. Wanajua kwamba mbwa wa miezi minne, mwenye miguu mirefu na masikio yasiyojua pa kwenda, hamtoi mtu laki tatu na nusu mfukoni. Akichelewa kizimbani anakula faida na kupoteza sura. Basi anatolewa kwa mama mapema, wiki ya 4 au ya 5, ili kile kilele kimkute dukani.

Anachokosa wiki hizo hakirudishwi kwa sindano. John Paul Scott na John Fuller walifanya kazi miaka mingi na mbwa kule Bar Harbor, jimbo la Maine, na mwaka 1965 wakachapisha kitabu ambacho sisi wa fani hii bado tunakirejea. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mbwa hujifunza nani ni jamaa na kitu gani si cha kuogopa. Miaka minne kabla, watafiti wengine waliwalea watoto wa mbwa kwenye uwanja uliozungushiwa uzio, bila kugusana na watu. Waliotolewa mapema kuzoeshwa watu walizoea. Walioachwa mpaka wiki ya 14 walimkimbia binadamu kama mnyama wa porini, na mazoezi ya baadaye hayakuwasaidia sana. Na kwa mama na nduguze mtoto hujifunza jambo jingine dogo lenye thamani kubwa: nguvu ya taya zake. Akimng'ata nduguye kupita kiasi, mchezo unakwisha. Aliyetengwa wiki ya 5 akakaa kizimbani na bakuli la maji hana aliyemfundisha.

Hapa ndipo wateja wangu wengi hunikatiza. "Lakini dokta, mimi namtaka mkali." Kuna imani kwamba mbwa akifungiwa gizani, asizoeshwe watu, na ugali wake ukitiwa pilipili, anakuwa mlinzi. Anachokuwa ni mwoga. Mwizi mzoefu anamjua mbwa mwoga, anampita. Anayeng'atwa ni mtoto wa nyumbani aliyeinama kuokota mpira. Vidonda vya namna hiyo nimeviona usoni, maana kimo cha mtoto na kimo cha mbwa vinalingana hapo.

Nilimrudishia kijana mbwa wake, nikamuuliza swali ambalo kwangu lina uzito kuliko meno, fizi na kadi.

"Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake nani?"

"Wa huyu mbwa."

Akacheka kidogo. "Ah, dokta. Yuko kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mimi simjui. Huwa analeta mtu wa bodaboda."

Wahenga wa sokoni wana msemo wao wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huyu mbwa tulimwona kwenye mwanga, tumemshika, na bado yumo guniani, kwa sababu afya yake iliandikwa mahali ambapo bodaboda ilimtoa. Huko kuna jike. Mimba ya mbwa ni siku 63. Mpe wiki 6 za kunyonyesha, inakuwa siku 105. Akipandishwa kila joto, yaani mara mbili kwa mwaka, ametumikia siku 210 kati ya 365 kwa ugali na dagaa, na watoto saba au wanane wakimkamua kila mkupuo. Niliwahi kuitwa nyumba moja kumwona jike mdogo mweupe wa aina ya Spitz, wiki ya tatu baada ya kuzaa, anatetemeka amekakamaa miguu yote minne, joto limepanda. Mwenyewe alidhani amelishwa sumu. Kalisi yote ilikuwa imeondoka na maziwa. Nilimwekea kalisi mshipani polepole, sikio langu likiwa kwenye moyo wake, na baada ya muda mfupi akainua kichwa akatafuta wanawe. Kabla sijafunga begi mwenyewe aliniuliza nadhani atapata joto tena lini.

Uingereza walilitungia sheria swali langu. Lucy alikuwa jike wa aina ya Cavalier aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka kwenye shamba la kuzalisha mbwa huko Wales, amepinda mgongo kwa kukaa kizimbani, manyoya yamenyonyoka. Alikufa mwaka 2016. Daktari wa mifugo Marc Abraham na wenzake walifanya kampeni kwa jina lake, na tangu tarehe 6 Aprili 2020, England ilipiga marufuku maduka na madalali kuuza watoto wa mbwa na paka walio chini ya miezi 6. Anayenunua kwa mzalishaji lazima amwone mtoto akiwa na mama yake. California ilikuwa imeyazuia maduka yake tangu Januari 2019 kuuza mbwa wa wazalishaji, Ufaransa ikafuata Januari 2024, na New York Desemba mwaka huohuo. Wajanja hawakukosekana: wapo wanaoweka jike wa kuazima sebuleni, anayejifanya mzazi. Dawa yake ni rahisi. Mtazame chuchu, na mtazame kama watoto wanamjali.

Kwetu tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na kumtesa au kumtelekeza mnyama ni kosa. Tatizo si karatasi. Jike aliyefungwa nyuma ya nyumba ya mtu hana jirani wa kumsemea, tena katika mji ambao wengi wetu hatugusi mbwa kwa sababu ya najisi na tunaona mambo yake hayatuhusu. Wakati huohuo hakuna aliyepita madrasa asiyejua kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu.

Wapo watakaosema tukiyafunga maduka biashara itahamia Instagram na WhatsApp. Imeshahamia. Huko angalau hakuna kuchanganya watoto wa mama wanne kaunta moja, lakini kuna picha ya mbwa mmoja inayouza mbwa ishirini. Swali ni lilelile, na jibu halipatikani kwenye simu.

Mteja wangu alikuwa ameshaelewa, ila moyo ulikuwa umebaki kizimbani. "Basi tumnunue tukamtibu, dokta. Tumwokoe tu." Hili ndilo gumu kuliko yote, maana ni huruma ya kweli. Nilimwambia nilichokiona miaka yote: kizimba kikiwa wazi leo, bodaboda inapigiwa simu leoleo. Laki tatu na nusu yake haisomeki kwa muuzaji kama huruma. Inasomeka kama oda, na anayetakiwa kuijaza ni yule jike. Nilimwachia kijana dawa ya minyoo ya kuwatosha wote kumi na mmoja, nikamwonyesha kipimo kwa uzito, nikamsihi aliyelala kwenye kona amtenge na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mvulana alilia kuanzia mlangoni mpaka Mwenge.

Baada ya wiki saba walipata mbwa Kibamba, kwa mwalimu mmoja mstaafu, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wa kawaida wa mtaani. Jike alinibwekea kwa hasira mpaka mwenyewe alipomwita kwa jina, ndipo akaja kuninusa viatu huku wanawe wakimning'inia. Wiki 9, fizi nyekundu, dawa ya minyoo imeandikwa tarehe kwa kalamu ya risasi nyuma ya daftari la shule.

Yule kijana wa dukani alinipigia mwezi uliopita. Wateja wawili, alisema, wamemuuliza mama yuko wapi, na mmoja ameondoka bila kununua. Alitaka kujua kama akipata picha ya mama kwenye simu itatosha.

Nikamwambia haitoshi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba namba ya mwalimu wa Kibamba.